Aina zote hizi za malezi ya kambo za nini? Mtoto si mtoto tu?

#1 Kibatari
Wakuu, habari. Mimi na mke wangu tumeanza taratibu za kuwa walezi wa kambo, yaani kupokea nyumbani mtoto anayeletwa na ustawi wa jamii. Afisa ustawi katupa fomu, na kabla hata ya maswali ya mapato na vyumba, kuna ukurasa unatutaka tuchague: malezi ya dharura, ya muda mfupi, ya muda mrefu, ya kumpumzisha mlezi mwingine, ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, ya mama kijana pamoja na kichanga chake. Tumebaki tunatazamana.

Hoja yangu ni hii: aina hizi zimebuniwa kwa ajili ya mafaili. Mtoto anataka nyumba moja na watu walewale. Ukishamwambia "hapa unakaa kwa muda tu", umeshamfundisha asizoee. Na nasikia wapo wengi wanaorudishwa ustawi baada ya walezi kushindwa. Mimi naona wanarudishwa kwa sababu hiyohiyo: mlezi anajua ni wa muda, likitokea tatizo anaona heri muda wenyewe uishe leo. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Kona
Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

#3 Nahodha_M
Mleta mada, nimefanya kazi ustawi muda mrefu kabla ya kustaafu, nakupinga robo tatu.

Aina hazikuanzia kwenye faili. Zimetokana na swali moja: huyu mtoto ana pa kurudi, hana, au bado hatujui? Mama amelazwa na hakuna mwingine nyumbani, hapo ni muda mfupi, akipona mtoto anarudi. Polisi wamemkuta mtoto saa nane za usiku, hiyo ni dharura, na anatakiwa mtu aliyekwisha kupekuliwa na kupitishwa ambaye atafungua mlango usiku huohuo. Mzazi yupo, anamtembelea mwanawe, lakini hataweza kumlea tena, na mtoto mwenyewe ni mkubwa, hataki kuasiliwa na kubadilishwa ukoo: huyo ni wa muda mrefu. Ukiwaweka wote kwenye kapu moja utampeleka mtoto wa mama aliyelazwa kwa mke na mume waliokuja wakitaka mtoto wa kudumu. Nimeona mama anapona, anakuja kumchukua mwanawe, na walezi wanakodi wakili.

Kuhusu kurudishwa, kisa si muda. Ni kupachikwa. Mlezi amepitishwa kwa watoto wadogo. Ijumaa jioni anapigiwa simu: kuna kijana wa miaka 15, kwingine kote kumejaa, tushikie mpaka Jumatatu. Jumatatu inageuka mwaka. Halafu akishindwa tunaandika "mlezi ameshindwa".

#4 Dada Subira
Nahodha umesema ukweli wa simu ya Ijumaa, umenichekesha kwa uchungu.

Mimi ni mlezi wa dharura. Kibatari, njoo nikwambie usiku wa kwanza unavyokuwa. Mtoto akiingia sisemi naye sana. Namwonyesha choo kilipo, swichi ya taa ilipo, na mlango wa chumba ninacholala mimi. Namwambia taa ya koridoni haizimwi. Basi. Simuulizi "walikufanya nini". Kwanza si kazi yangu, pili kukiwa na kesi unaweza kuuharibu ushahidi kwa maswali yako ya huruma, wakili wa upande wa pili atasema mtoto kafundishwa.

Wengi wanalala na viatu. Sivivui. Siku akivivua mwenyewe na kuviacha mbali na kitanda, naandika kwenye daftari, maana afisa akija hiyo ndiyo taarifa yenyewe.

Na hapa sikubaliani nawe kabisa: mtoto haumizwi na kuambiwa ukweli kwamba ni kwa muda. Anaumizwa na mtu mzima anayemwambia "hapa ni kwako milele" halafu wiki ijayo gari la ustawi linapaki nje.

#5 Fundi Saa
Semeni na posho basi. Maana humu kila mtu ni malaika.

#6 Dada Subira
Fundi Saa, sehemu nyingi mlezi wa muda hupewa posho ya matunzo ya mtoto, na sehemu nyingine hapewi kitu. Ikiwapo, inaishia kwenye nguo na dawa, kwa sababu mtoto wa dharura huja na alichovaa. Ukitaka utajiri endelea na saa zako.

#7 Fundi Saa
😂 Nimekoma. Nimerudi pale kwa Mzee wa Kona.

#8 Ubongo na Moyo
Naona mnajadili "kuzoea" kwa hisia. Kuna utafiti maarufu ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000. Nchi ile chini ya dikteta Ceaușescu ilizuia utoaji mimba kuanzia 1966 ili idadi ya watu iongezeke, umaskini ukafanya yaliyobaki, na utawala ulipoanguka 1989 makao ya kulelea watoto yalikuwa yamefurika. Watafiti walichukua watoto 136 waliokuwa kwenye makao, wengi wakiwa hawajafika miaka miwili na nusu. Nusu yao, 68, walichaguliwa kwa kura wakapelekwa kwa walezi wa kambo walioandaliwa na kusimamiwa kwa karibu. Nusu wakabaki kwenye utaratibu uliokuwapo.

Waliokwenda kwenye familia walifanya vizuri zaidi kwa akili na kwa uwezo wa kujifunga kwa mtu mmoja, na waliohama kabla ya kutimiza miaka 2 walipata nafuu kubwa zaidi kwenye mambo kadhaa. Kwa hiyo Kibatari ana hoja kwamba uthabiti ni muhimu. Ila linalopimwa pale ni mtu mmoja anayemjua mtoto, na umri alioanza kumjua. Jina lililoandikwa kwenye fomu halimo.

Jambo jingine: mtoto anayemkimbilia kila mgeni na kumrukia mapajani, walezi hufurahi, "huyu kazoea haraka!" Hiyo mara nyingi ni dalili ya kutunzwa na wengi bila kuwa wa mtu. Mlezi asiyejua hilo huja kuvunjika moyo baadaye, akigundua kwamba kupendwa kwake hakukuwa na tofauti na kupendwa kwa fundi bomba. Wengine ndipo wanapomrudisha.

#9 Mama Wawili
Samahani, ina maana waliwapigia kura watoto? Huyu nyumbani, huyu abaki makao? Na mnaita sayansi?

#10 Ubongo na Moyo
Ndiyo, ilikuwa bahati nasibu, na swali lako limeulizwa na wengi tangu siku ya kwanza. Jibu lao ni kwamba malezi ya kambo yalikuwa karibu hayapo mjini pale, nafasi zile walizianzisha wao, na mtoto wa kundi la pili akipata familia au akirudishwa kwao hakuzuiwa. Wengi wao waliondoka makao kadiri miaka ilivyokwenda.

#11 Mama Wawili
Jibu limefika. Roho yangu bado haijatulia.

#12 Kijana wa Tatu B
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi nilikuwa hilo "faili".

Nimepita nyumba kadhaa. Mnasema mlezi hakuandaliwa, mtoto alipachikwa, sijui umri. Mimi nilikuwa navunja mwenyewe. Nikiona mama wa nyumba ameanza kuniita "mwanangu" mbele ya wageni, wiki hiyo nitaiba kitu kisicho na maana ili nikamatwe. Rimoti. Funguo za kabati. Nilijua nitaondolewa siku moja, nikawa nachagua siku.

Na kitu ambacho kitamkera mleta mada: nyumba iliyonishika haikuwa ya muda mrefu. Ilikuwa ile ya kupumzisha. Kila wikiendi moja ya mwezi nilipelekwa kwa mzee mmoja na mkewe ili mlezi wangu apumue. Walezi wangu walibadilika, wale wazee hawakubadilika. Hawakuwahi kuniambia wananipenda. Mzee alikuwa ananipa redio mbovu nimfungulie skrubu, tunakaa. Mpaka leo naenda.

#13 Mzee wa Kona
Huyu ndiye mtaalamu niliyekuwa namsubiri.

#14 Kibatari
Kijana wa Tatu B, asante mdogo wangu. Lakini huoni unaniunga mkono? Watu walewale, nyumba ileile.

#15 Kijana wa Tatu B
Hapana kaka. Wewe ulitaka ziondolewe aina. Ningebaki na mlezi mmoja aliyechoka.

#16 Nahodha_M
Hapo kwenye kupumzisha wengi hushangaa, "mlezi apumzike na mtoto, kwani ni mzigo?" Mlezi wa mtoto asiyelala usiku akikosa pumziko, ndiye atakayepiga simu ya kumrudisha. Sharti ni moja: iwe familia ileile kila mara, na mtoto ajue tarehe mapema. Ukimpeleka leo kwa huyu kesho kwa yule, umemwongezea nyumba za kupoteza.

#17 Binti Seremala
Mbona hamtaji wazazi waliozaa? Dada yangu analea mtoto wa kambo. Kulikuwa na ziara ya kuonana na mama mzazi, dada akataka mtoto apendeze, akampeleka kunyolewa. Nywele zilikuwa ndefu, zimejisokota. Mama mzazi alipomwona hakulia. Alimpapasa kichwa, akauliza, "Nywele zake mmeziweka wapi?" Ziara ikaishia hapo, mama akafungua malalamiko, mtoto akaanza kukojoa kitandani upya.

Mlezi wa kambo si mwenye mtoto. Kusafiri naye, upasuaji, picha mtandaoni, hata nywele, kuna mambo lazima uulize kwanza kwa mwenye mamlaka, awe mzazi au ustawi. Mimi nasema mengi huvunjikia hapo, kwenye vita vya chini kwa chini kati ya mama wawili, na mtoto anachagua upande kwa kuharibu.

#18 Ubongo na Moyo
Binti Seremala, hoja nzito. Ila kuna watoto ambao ziara zenyewe ndizo zinawarudisha nyuma, hasa aliyeumizwa na huyo anayekuja kumwona. Si kila ziara ni dawa.

#19 Abu Salma
Assalaam alaykum. Mmesahau kafala, malezi ya Kiislamu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 20, unaitaja kwa jina pamoja na malezi ya kambo na kuasili. Unamchukua mtoto, unamlea, unamsomesha, lakini anabaki na nasaba ya baba yake. Harithi kama mwana wa kuzaa, ila unaweza kumwandikia wasia, usizidi theluthi ya mali yako. Kwa mtoto mkubwa anayejua kwao, naona inamheshimu kuliko kumbadilisha jina.

#20 Mama Wawili
Waalaykum salaam. Kwa hiyo ni kama ule wa muda mrefu alioutaja Nahodha #3?

#21 Abu Salma
Inakaribiana, lakini kafala ni ahadi yako wewe uliyeichukua. Haina kuambiwa "tumepata nyumba nyingine, mfungashie".

#22 Shangazi Mkali
Mnazunguka mbali. Wengi wa watoto wanaolelewa nje ya wazazi duniani wako kwa bibi, shangazi na mjomba, bila fomu yoyote. Hao hawamo kwenye ukurasa wa Kibatari. Mgeni akimchukua mtoto anaitwa mlezi na posho anapewa, shangazi akimchukua anaambiwa "si damu yako?" Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu, 1979 ikaamuliwa kwamba ndugu aliyetimiza masharti asinyimwe malipo ya shirikisho kwa sababu tu ni ndugu.

Mnauliza kwa nini malezi yanavunjika? Ni umaskini. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala wa 2009 unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Mpe bibi msaada uone kama hizo aina zako zitahitajika.

#23 Nahodha_M
Shangazi, nakubali kwa sehemu. Lakini usipambe damu. Nimewahi kumtoa mtoto kwa ndugu waliomgeuza mtumishi wa ndani, na ukoo mzima ulikuwa unajua. Ndugu naye akaguliwe, apewe na msaada. Vyote viwili.

#24 Shangazi Mkali
Na wageni hawawageuzi watumishi? Endelea.

#25 Fundi Saa
Shangazi, jina halikudanganya.

#26 Tumaini Jr
Na zile nyumba za vijiji vya watoto vya shirika la SOS, mama mmoja na watoto kadhaa, si malezi ya kambo hayo?

#27 Nahodha_M
Hapana. Ule ni mfumo wa kijiji, ulioanzishwa Austria 1949 na Hermann Gmeiner. Mama ameajiriwa, na nyumba ni ya shirika. Malezi ya kambo ni mtoto kuingia kwenye familia iliyokuwapo, yenye ugomvi wake na ndugu wake. Ila kijiji kina sifa moja ambayo walezi wa kambo huishindwa: ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kukaa pamoja. Mwongozo wa 2009 unataka ndugu wasitenganishwe bila sababu ya msingi, lakini nitafutie familia yenye vitanda vinne vitupu.

#28 Tumaini Jr
Sawa mkuu. Nimeuliza kwa sababu nami nina mtoto wa rafiki yangu nyumbani, yeye kasafiri kikazi. Hakuna aliyeandika popote. Niko kundi gani?

#29 Binti Seremala
Uko kundi la watu wasiojulikana, ndilo la hatari kuliko yote. Sisemi wewe ni mbaya. Ila England, mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, halmashauri lazima iarifiwe ili ije imwone. Hata kama kwenu hakuna sheria ya hivyo, chukua barua ya mzazi. Siku mtoto akihitaji upasuaji utaulizwa wewe ni nani.

#30 Tumaini Jr
Barua naitafuta leo. Ila haya mambo ya kuja kukaguliwa nyumbani kwangu, mtu anafungua mpaka kabati, siyaafiki.

#31 Nahodha_M
Tumaini, mwaka 1945 kule Shropshire, Uingereza, mvulana wa miaka 12 alifia kwenye shamba la walezi aliopelekwa na halmashauri. Alikuwa ametelekezwa na wote waliopaswa kumwangalia: njaa, kipigo, na hakuna afisa aliyemfuatilia ipasavyo. Uchunguzi wa kisa kile ulitikisa nchi, na Sheria ya Watoto ya 1948 ikaja kuupa uangalizi mpangilio mpya. Afisa akifungua kabati lako, mwache afungue.

#32 Tumaini Jr
Nimeelewa.

#33 Kijana wa Tatu B
Na kukaguliwa kwenyewe kuwe na akili. Afisa alikuwa ananihoji sebuleni, mlezi ameketi pembeni. Nitasema nini? Mtoto aulizwe nje, mkitembea.

#34 Mwalimu Jioni
Hakuna aliyegusa wanaofikisha miaka 18. Nimefundisha vijana wa aina hii. Wenzake wanawaza mtihani, yeye anawaza tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu siku hiyo malezi yanakoma kisheria. England tangu 2014 kijana na mlezi wakikubaliana anaweza kuendelea kuishi hapo mpaka 21, na halmashauri inatakiwa iwasaidie. Marekani sheria ya 2008 iliyapa majimbo nafasi ya kuendelea kuwahudumia mpaka 21 kwa fedha za shirikisho.

Na ipo aina ambayo fomu ya Kibatari haina: kijana anapewa chumba kwenye nyumba ya mtu, anajipikia, anajifulia, mwenye nyumba hamlei bali yupo. Wengine wakishafika 17 wamechoka kulelewa na wageni, lakini hawawezi kukaa peke yao.

#35 Kijana wa Tatu B
Hiyo ningeisaini kwa mikono miwili.

#36 Kibatari
Nimesoma yote, na mke wangu kasoma akiwa begani kwangu. Mmenipa sababu sita za watoto kurudishwa na kila mmoja ana uhakika na yake. Bado nashikilia kwamba neno "muda mfupi" linampa mlezi mlango wa kutokea. Ila mke wangu anataka tuanze na kupumzisha, kwa sababu ya yule mzee wa redio. Tumeacha swali la mahitaji maalumu wazi. Yanayoitwa malezi ya tiba ni mpaka uwe muuguzi?

#37 Ubongo na Moyo
Si lazima. Mfano unaojulikana ulianzia Oregon, Marekani, 1983, kwa vijana wenye tabia ngumu ambao wangepelekwa taasisi za kufungiwa. Kwa kawaida mtoto mmoja kwa nyumba moja, mlezi amefundishwa, na anapigiwa simu karibu kila siku: leo amebishana? amelala? amekwenda shule? Timu inabadilisha mpango kutokana na majibu. Tiba yenyewe ni siku ya kawaida iliyopangwa. Kama ustawi wenu hawana timu ya kupiga hiyo simu, msitie tiki, hata mkibembelezwa.

#38 Dada Subira
Na mkibembelezwa Ijumaa jioni, msipokee simu 😂

#39 Nahodha_M
Subira usiwafundishe watu.

#40 Kibatari
Swali la mwisho: tuna mbwa wawili, wakubwa. Watatukataa?

#41 Dada Subira
Hawawakatai. Wataandika chanjo zao na wataangalia wanavyompokea mgeni. Ila mtoto anayeogopa mbwa hamtapewa, kwa hiyo andikeni ukweli.

#42 Fundi Saa
Kumbe na mbwa wanapekuliwa.

#43 Shangazi Mkali
Mbwa wanapekuliwa, bibi hapewi hata sabuni. Narudi kwenye hoja yangu ya #22, hakuna aliyeijibu.